Tunapobadili Bima, Twamwacha Nani?

Kila mwaka, muda wa bima unapokaribia kwisha, katika nyumba nyingi za nchi yetu baba na mama huketi usiku watoto wakiisha lala, na mezani mwao huwa pana karatasi mbili. Ya kwanza ni barua ya bima waliyo nayo, yenye kuarifu kwamba ada ya mwaka ujao imepanda. Ya pili ni tangazo la kampuni nyingine, lililoachwa na wakala mchana, lenye ada ndogo zaidi na picha ya jamaa wenye afya wanaocheka. Wazazi hao husoma, hupiga hesabu, husoma tena. Jambo hili laonekana kuwa la fedha tu, na kwa kweli la fedha ni la fedha. Lakini twaona kwamba ndani yake limo swali la haki, ambalo mara nyingi hupita bila kuulizwa. Leo twataka kuliuliza mbele ya wasomaji wetu: mtu anapobadili bima ya nyumba yake, je, ana wajibu wo wote kwa wale anaowaacha?

Tusemapo hivyo hatuna nia ya kumtia hatiani mzazi ye yote. Twajua jinsi ada ya shule, kodi ya nyumba na bei ya unga zinavyogombania shilingi moja. Twajua pia kwamba mwenye kuketi na kuchagua bima tayari amepata kuliko wengi wa jirani zake, ambao ugonjwa ukiwapata hawana kadi, ila huuza mbuzi, au shamba, au hukopa. Lakini ni desturi ya mambo ya haki kuanzia hapo hapo mtu anapopata nafasi ya kuchagua. Asiye na la kuchagua haulizwi. Mwenye nafasi huulizwa.

Wazee wetu wengi hawakupata kuulizwa hivi. Kuanzia mwaka 1977 sheria ilizuia uganga wa faida binafsi, na mgonjwa alikwenda hospitali ya serikali bila malipo, au hospitali ya misheni. Mwaka 1991 mlango wa hospitali binafsi ulifunguliwa tena, na mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza malipo. Mwaka 1996 wilaya ya Igunga ilianza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, ambamo kila nyumba hutoa mchango mdogo kwa mwaka ili itibiwe. Mwaka 1999 Bunge lilitunga sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, nao ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali, mtumishi akikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akitoa asilimia 3 nyingine. Makampuni binafsi nayo yakaja na mipango yao. Mwaka 2019 Mfuko wa Taifa ukatoa vifurushi vya hiari, vilivyoitwa Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, kwa ajili ya watu wasio na ajira rasmi. Basi katika muda wa kizazi kimoja tumetoka mahali pasipo na uchaguzi, tukafika mahali ambapo mzazi huwekewa karatasi nyingi mbele yake, kila moja ikidai kuwa ndiyo bora.

Ili tulijibu swali letu, yafaa kwanza tujue bima ni kitu gani hasa. Wengine hudhani ni bidhaa kama kiatu: mtu hulipa, huvaa, na kikimbana hununua kingine. Sisi twaona kuwa inafanana zaidi na kitu ambacho watu wetu walikuwa nacho kabla ya kampuni yo yote kufika, nacho ni chama cha kufa na kuzikana. Katika chama hicho kila mtu hutoa kidogo kila mwezi. Anayefiwa hupewa sanda, jeneza, chakula cha waombolezaji na usafiri. Asiyefiwa mwaka mzima hapewi kitu, naye harudi kwa mweka hazina kudai fedha zake. Wala hasemi kwamba amepata hasara kwa kuwa mama yake yu hai! Anajua alichopata: alilala kila usiku akijua kwamba siku ya msiba hatakuwa peke yake.

Bima ya afya ni chama hicho hicho, isipokuwa kimekua mpaka wanachama hawajuani. Hapo ndipo penye ugumu. Katika chama cha mtaani, mtu anayetaka kujitoa huonana na nyuso za wenziwe. Aona mjane aliyezikiwa mume mwaka jana, na mzee ambaye zamu yake haiko mbali. Katika bima hamwoni mtu. Aona karatasi, namba ya kadi na kiasi cha kulipa. Kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba nyuma ya ile ada iliyopanda wako watu, na kwamba ada ilipanda kwa sababu baadhi yao waliugua.

Na tutoe mfano wa hesabu, maana hesabu yaonyesha jambo hili kuliko maneno. Tuseme nyumba 100 zimejiunga katika mpango mmoja, kila moja ikilipa shilingi 300,000 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 30,000,000, nazo zatosha kulipia matibabu yote. Sasa aja wakala wa mpango mwingine, naye azichagua nyumba 30 zenye vijana na wazima, azipa ada ndogo zaidi, nazo zaondoka. Nyumba hizo, kwa kuwa hazikuugua sana, zilikuwa zikitumia shilingi 1,500,000 tu kwa jumla. Basi gharama iliyobaki ni shilingi 28,500,000, na nyumba za kuibeba ni 70. Kila moja sasa yapaswa kutoa zaidi ya shilingi 407,000. Kwa ada hiyo nyumba nyingine 20 zilizo nzima kiasi nazo zaondoka, zikipunguza gharama kwa shilingi 2,500,000. Zimebaki nyumba 50 na gharama ya shilingi 26,000,000, yaani shilingi 520,000 kwa kila nyumba. Mwisho wake ni wazi. Waliobaki ni wale wasioweza kuondoka, kwa sababu mpango mwingine hauwapokei: mwenye kisukari, mwenye mafigo mabovu, mwenye mtoto wa selimundu. Nao ndio wenye kulipa ada kubwa kuliko wote.

Hii si hadithi ya karatasi tu. Mwaka 1929, katika mji wa Dallas huko Marekani, hospitali ya Chuo Kikuu cha Baylor ilipatana na walimu wa shule kwamba kila mmoja atoe nusu dola kwa mwezi, naye akiugua atalazwa hadi siku 21 kwa mwaka. Mipango ya namna hiyo ilienea, ikajulikana kwa jina la Blue Cross, na desturi yake kwa miaka mingi ilikuwa kutoza watu wa mahali pamoja ada moja, kijana na mzee, mzima na mgonjwa. Kisha yakaja makampuni ya biashara. Hayo yaliwaendea wafanyakazi wa viwanda na ofisi, ambao wengi walikuwa vijana wenye nguvu, yakawapa ada ndogo kwa kadiri ya uzima wao. Wakaondoka makundi kwa makundi. Mipango ya kwanza ikaelemewa na waliobaki, na katika mahali pengi ikalazimika kuiacha ile desturi ya ada moja. Wazee waliokwisha kuacha kazi wakajikuta bima ipo lakini hawaiwezi, mpaka mwaka 1965 serikali ya nchi ile ilipotunga sheria ya Medicare kwa ajili ya watu wenye miaka 65 na zaidi. Katika mambo hayo hatumwoni mtu mmoja aliyekusudia mabaya. Kila kiwanda kilitafuta unafuu wa watu wake. Hata hivyo wazee waliachwa.

Na hapa kwetu tumeona jambo la jamii hiyo hiyo, ingawa kwa njia nyingine. Mfuko wa Taifa ulikuwa na mpango wa watoto uliojulikana kama Toto Afya Kadi, ambao mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Ulikuwa msaada mkubwa. Lakini kwa kuwa kujiunga kulikuwa kwa hiari na kwa mtoto mmoja mmoja, wazazi wengi walimwandikisha yule aliyekwisha kuugua, na wale wazima wakaachwa nyumbani bila kadi. Fedha zilizotoka zikazidi mno zile zilizoingia. Mwaka 2023 Mfuko ulisitisha uandikishaji wa namna ile, ukaelekeza watoto waandikishwe kwa njia ya shule au pamoja na jamaa zao. Kilio cha wazazi wenye watoto wagonjwa kilisikika nchi nzima, nacho kilikuwa cha haki. Lakini yatupasa kujiuliza kama si sisi wenyewe, wenye watoto wazima, tuliosema kwamba shilingi 50,400 kwa mtoto asiyeugua ni fedha zilizopotea.

Basi turudi kwa mzazi wetu na karatasi zake mbili. Tumfikirie kuwa ni fundi seremala, mwenye mke, watoto watatu, na mama yake mzee anayekaa nao, ambaye ana presha. Je, ni haki aende kwenye ada ndogo?

Watu wawili watamjibu mbio mbio. Wa kwanza atamwambia: “Nenda. Fedha ni zako, na wale wengine huwajui wala hukuwaahidi kitu.” Jibu hilo halitoshi. Kama hakuahidi kitu, yeye naye hakuahidiwa kitu na mtu. Na hapo bima yenyewe haina maana, maana ni ahadi ya watu kulipiana. Mwaka mtoto wake alipolazwa kwa homa ya mapafu, walimlipia watu wasiomjua. Na hata kama hakuna aliyelazwa, alikuwa na haki ya kulipiwa, na haki hiyo ndiyo aliyoinunua. Mwaka wa uzima si mwaka wa hasara.

Wa pili atamwambia: “Kaa, hata kama ada itakumaliza, kwa kuwa ukiondoka wawaumiza wagonjwa.” Jibu hili nalo halitoshi, ijapokuwa lasikika kuwa la upendo. Wajibu wa mzazi waanza katika nyumba yake. Baba anayelipa ada asiyoiweza mpaka watoto wakalala na njaa hakumsaidia mgonjwa, amezidisha wagonjwa. Wala si haki kumtwika seremala mmoja mzigo ambao kwa asili ni wa taifa zima. Asiyeweza kulipa aondoke bila dhamiri kumsumbua.

Sisi twasema hivi: kubadili bima ni halali, lakini hesabu yake haijakamilika mpaka mtu amewahesabu na wale anaowaacha. Na wale anaowaacha, mara nyingi, wa kwanza wao hawako mbali. Wako chini ya dari yake. Yatupasa basi kutaja mambo matatu ambayo, kwa maoni yetu, hata ada iwe ndogo namna gani, hayafai.

La kwanza ni kuificha kweli. Fomu ya bima huuliza kama kuna mtu nyumbani mwenye maradhi ya siku nyingi. Wako mawakala wasemao kwa sauti ya chini, “Andika hapana, watajuaje?” Na yuko mama ambaye mwanawe ana selimundu, naye ajua kwamba akiandika kweli mtoto atakataliwa, au ataambiwa maradhi hayo hayatalipiwa. Tunamhurumia mama huyo kwa moyo wote, na tutasema baadaye juu ya wale waliomweka katika njia panda hiyo. Lakini uongo haumsaidii. Siku mtoto atakapolazwa, kampuni itatafuta kumbukumbu za hospitali, itayaona maradhi yalianza kabla, na yaweza kukataa kulipa. Hapo atakuwa amepoteza ada, bima ya zamani na bima mpya kwa pamoja. Na hata kama asingegunduliwa, fedha hizo hazitoki katika sanduku la tajiri asiyejulikana. Zatoka katika michango ya watu kama yeye, walioandika kweli.

Kanuni hii si mpya. Mwaka 1766 jaji mmoja mashuhuri wa Uingereza, Lord Mansfield, aliamua shauri la bima lililojulikana kama Carter na Boehm, akaweka msingi kwamba bima husimama juu ya uaminifu, kwa kuwa mmoja anajua mambo ambayo mwenziwe hayajui. Wengi hukumbuka kwamba kanuni hiyo yamfunga mwenye kukata bima. Husahau kwamba katika shauri lile aliyeshindwa ni mwenye kutoa bima, maana alikuwa akijua hatari, au aliweza kuijua, akaipokea ada, kisha akataka kukataa kulipa. Uaminifu wafunga pande zote mbili.

La pili ni kumtupa aliye dhaifu nyumbani. Mipango mingi binafsi huweka kikomo cha umri, na mingine humpokea baba, mama na watoto tu. Ndiyo maana yawa na ada ndogo. Katika Mfuko wa Taifa mtumishi huandikisha mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne, na wazazi waweza kuwa miongoni mwao. Anayeacha mpango unaompokea bibi, akaenda katika usiompokea, hakupata akiba yote anayoiona katika karatasi. Sehemu ya akiba hiyo ni dawa za bibi. Twamshauri achukue tofauti ya ada zile mbili, aiweke kando kwa jina la mama yake, asiiguse kwa jambo lingine. Akifanya hivyo, na hesabu ikatosha, amebadili kwa haki. Akiona kwamba fedha hizo zimekwisha pangiwa matumizi mengine, basi na ajue kwamba unafuu wake umelipiwa na mwanamke mzee ambaye hakuulizwa.

La tatu ni kuingia na kutoka kama mtu anayekimbilia kibanda mvua inaponyesha. Wako wanaojiunga mke anapotaka kushika mimba, wakajitoa mtoto akizaliwa. Au wanaojiunga daktari akisema kwamba patahitajiwa upasuaji. Makampuni yamejikinga kwa kuweka muda wa kungojea, na kinga hiyo huwapata hata wasio na hatia. Kila mmoja wetu anayefanya hila humrefushia mwenziwe muda wa kungojea. Kama twataka kibanda kisimame, yatupasa kuchangia makuti wakati wa kiangazi.

Pamoja na hayo, haki haimkatazi mtu kuwa na busara. Bali yamtaka awe nayo, maana anachagua kwa niaba ya watoto. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kuuacha mpango wa zamani, mzazi na aulize mambo kadhaa, na majibu yawe kwa maandishi. Je, maradhi yaliyokuwapo kabla yatalipiwa, na baada ya miezi mingapi? Uzazi je? Kikomo cha fedha kwa mwaka ni kiasi gani, na ni cha kila mtu au cha nyumba nzima? Hospitali zilizo karibu naye zimo katika orodha? Kadi yamfaa nini mtu wa Sumbawanga ikiwa hospitali zote zinazoipokea ziko Dar es Salaam! Mgonjwa atatakiwa kuchangia kiasi gani kila aendapo? Je, hulazimika kungoja kibali kabla ya kulazwa, na nani hutoa kibali hicho usiku? Ada ya mwaka wa pili hupangwaje? Maana wako wanaovutwa na ada ya mwaka wa kwanza, wakaonyeshwa ada ya kweli katika wa pili.

Tena, mtu asiiache kadi ya zamani ikafa kabla ya kushika mpya mkononi na kuona majina ya watu wake wote yameandikwa sawasawa. Aiombe kampuni mpya, kwa maandishi, ihesabu miaka aliyokuwa na bima kwingine, ili asianze upya kungojea. Huenda wakakubali, huenda wakakataa, lakini asiyeomba hapewi. Na aliyedhulumiwa ajue kwamba makampuni ya bima nchini husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, wala si lazima anyamaze.

Tumesema tutarudi kwa waliomweka yule mama katika njia panda. Ni rahisi kumhubiria maskini juu ya uaminifu. Ni lazima tuwaambie na wenye nguvu. Kampuni inayoandika faida kwa herufi kubwa na makatazo kwa herufi za sisimizi haina haki ya kulalamika ikidanganywa. Kampuni inayowatafuta wazima tu, ikawaachia wengine wagonjwa wote, haikuleta unafuu duniani. Imeuhamisha mzigo kutoka bega moja hadi jingine, ikatoza ushuru njiani. Nao waajiri wanaonunua bima kubwa kwa wakubwa wa ofisi, na ndogo kwa wafagizi na walinzi, wajiulize ni nani kati yao aliye karibu zaidi na kuugua.

Hospitali na mifuko nayo haina budi kukumbuka mtu wa katikati. Mwezi wa Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwapokea wenye kadi za Mfuko wa Taifa, kwa sababu ya mabishano juu ya bei mpya za huduma. Hatuingii katika hoja za pande zile mbili. Huenda kila upande ulikuwa na lake la kweli. Lakini mgonjwa aliyefika mlangoni na kadi yake iliyolipiwa, akaambiwa arudi, yeye hakuwa na ugomvi na mtu. Ndovu wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, yenye kutaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima. Twaiona kuwa ni njia iliyo sawa, maana yakiri jambo tulilolieleza: hakuna chama cha kusaidiana kitakachosimama ikiwa wazima wote wana ruhusa ya kukaa nje. Lakini sheria haitamaliza swali letu. Wenye uwezo wataendelea kununua mipango binafsi, ili wapate chumba cha peke yao na daktari bila foleni. Hatuwakatazi. Twawaomba tu wasifanye hivyo kwa nia ya kuusahau mfuko wa wote. Siku wenye sauti watakapoacha kuitumia hospitali ya wote, hapatakuwa na wa kupiga kelele dawa zitakapokosekana.

Na sasa turudi mezani, usiku ule, mbele ya karatasi mbili. Twawashauri baba na mama waongeze ya tatu, iliyo tupu. Juu yake waandike majina ya watu wote wanaowategemea: watoto, wazee, yule mdogo wa mke anayesoma, msichana wa kazi anayewapikia. Mbele ya kila jina waandike, katika mpango mpya, ni nani atakayemlipia akiugua. Wakimaliza, na kila jina lina jibu, watie sahihi kwa amani, wala mtu asiwalaumu. Likibaki jina moja lisilo na jibu, hesabu bado haijesha, hata kama wakala anangoja mlangoni na kalamu.

Hujafa hujaumbika, wasema wazee. Mwenye afya leo hajui atakuwa upande gani wa hesabu kesho. Atakapokuwa upande wa pili, atatamani kuwa na majirani waliobaki.